Amplifaya ya kujitengenezea: fuata umeme unapotoka na unaporudi

Watu wengi wanaotaka kujiundia amplifaya ya hi-fi huanza na swali la chipu gani ina sauti tamu, au transista gani, au klasi gani, na hapo ndo wanapojichanganya mapema kabisa, kwa sababu chipu ndo sehemu rahisi kuliko zote. Chipu nzuri zipo, datashiti zake (karatasi za maelezo ya kiwanda) zipo, na saketi imeshachorwa na mainjinia wanaoijua kazi. Unaweza kukuta amplifaya mbili zenye chipu ileile, thamani zilezile za rezista na kapasita, alafu moja ukifungua volyumu bila muziki iko kimya kabisa na nyingine inanguruma mpaka inakera. Tofauti iko kwenye vitu ambavyo mchoro wa saketi hauvionyeshi vizuri: pawa saplai, njia za graundi (sifuri ya saketi, umeme unakorudi), joto, na waya zimepitia wapi.

Kwahiyo humu ntafuata kitu kimoja tu mwanzo mpaka mwisho, umeme unaofika kwenye spika umetoka wapi na unarudi kwa njia gani. Ukishalielewa hilo, mambo mengi ambayo watu wanabishana kila siku yanajipanga yenyewe.

Tuanzie hapa. Signali ndogo inayotoka kwenye simu au pleya ya CD haivimbishwi ikaenda kwenye spika. Inaishia mlangoni. Kinachoenda kwenye spika ni umeme mwingine kabisa, wa pawa saplai, ambao transista zinaufungulia na kuubana zikifuata umbo la ile signali. Ni kama koki, mkono unazungusha lakini maji yanatoka kwenye tenki. Kwahiyo spika yako inalishwa na pawa saplai moja kwa moja, hiyo transfoma na hizo kapasita unazotaka kununua mwishoni na hela iliyobaki ndo zinazosukuma koni ya spika, na uchafu wowote ulioko kule una nafasi ya kufika sikioni.

Wati zinahesabiwa kuanzia kwenye spika

Usianze na "nataka wati 200". Anza na spika uliyonayo, angalia ni omu ngapi na dB ngapi. Tuseme ni ya omu 8 na unyeti wake ni dB 87, maana yake ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 unapata dB 87. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza dB 3 tu. Wati 50 zinakupa dB 17 juu ya hapo, yani dB 104, sauti kubwa sana ndani ya chumba. Ukienda wati 100 unapata 107. Hizo dB 3 utazisikia kidogo tu, lakini transfoma inakuwa kubwa zaidi, joto linaongezeka na hitisinki, lile bati la kupoza chipu, inakuwa nzito. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama dB 10, na hizo ni wati mara kumi. Kwa maoni yangu mtu anayejenga ya kwanza wati 30 mpaka 50 kwa kila chaneli zinatosha kabisa, na hela itakayobaki iende kwenye spika.

Sasa tuzigeuze wati kuwa volti. Hesabu yake ni volti mara volti gawa kwa omu. Wati 50 kwenye omu 8: 50 mara 8 ni 400, kipeuo cha pili cha hiyo ni 20, kwahiyo spika inahitaji volti 20. Lakini hizo ni volti za AC za RMS, yani kile ambacho mita inasoma, kilele cha wimbi kinafika volti 28 na kidogo, na wimbi linaenda pande zote mbili, juu ya sifuri na chini ya sifuri. Ndo maana amplifaya nyingi za aina hii zina laini mbili, ya plasi na ya mainasi, na sifuri katikati. Chipu yenyewe inakula volti kadhaa isizoweza kuzitoa, na laini nayo inashuka kidogo muziki ukikolea, kwahiyo unajikuta unataka kama plasi 34 na mainasi 34.

Transfoma ya 25-0-25, yani volti 25 kila upande wa sifuri, inakufikisha hapo. Volti 25 za AC zikipita kwenye daiodi na kapasita zinakuwa 25 mara 1.414, karibu 35, toa kama volti 1 ya daiodi, unabaki na 34. Hapo kuna mtego mmoja: transfoma ikiwa haina mzigo hutoa zaidi ya kilichoandikwa, na umeme wa ukutani nao hupanda siku nyingine, kwahiyo usiweke kapasita za volti 35, weka za 50. Kwa stirio ya wati 50 mara mbili, transfoma ya VA 200 hadi 300 (VA ni volti mara ampea, uwezo wa transfoma) inatosha kwa muziki wa nyumbani, maana muziki wastani wake uko chini sana ya vilele vyake.

Spika za omu 4 zinabadilisha hesabu. Kwa volti zilezile 20 umeme unaopita unakuwa ampea 5 badala ya 2.5, na joto kwenye chipu linapanda mara mbili. Chipu ya LM3886 kwa mfano, datashiti inasema kwenye plasi na mainasi 28 inatoa wati 68 kwa omu 4 na wati 38 kwa omu 8. Kwahiyo mwenye spika za omu 4 ashushe volti, asipandishe. Wengi wanafanya kinyume alafu wanashangaa chipu inajizima katikati ya wimbo.

Kitu kingine kinachopotezea watu muda ni priampu, yani amplifaya ndogo ya kukuza signali kabla ya amplifaya yenyewe. LM3886 ukiiwekea rezista za kwenye datashiti, kilo-omu 20 na kilo-omu 1, inakuza mara 21. Pleya ya CD inatoa mpaka volti 2. Mbili mara 21 ni 42, na wewe ulihitaji 20 tu. Hata simu inayotoa volti 1 au pungufu kidogo inakaribia kuifikisha mwisho. Kwahiyo priampu huihitaji, potenshometa (kitasa cha volyumu) ya kilo-omu 10 ya aina ya logi kwenye ingizo inatosha. Ukiweka ya linia itafanya kazi ila volyumu yote itajaa mwanzoni mwa mzunguko na sehemu iliyobaki haibadilishi sana. Usije pia ukashusha ukuzaji sana ukidhani unasafisha sauti, kwa sababu chipu hii chini ya mara 10 haitulii, inaanza kutetema yenyewe.

Hizi klasi

Klasi inaeleza tu transista za mwisho zinabeba umeme saa ngapi. Klasi A zinabeba muda wote, muziki uwepo usiwepo. Klasi B moja inabeba nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini, inaokoa joto sana lakini pale zinapopokezana kwenye sifuri panabaki pengo, na pengo hilo linakwaruza zaidi sauti ndogo kuliko kubwa, ambayo ndo mbaya zaidi kwa sikio. Klasi AB inaziba pengo kwa kuziachia transista zote mbili umeme kidogo hata zikiwa zimepumzika, ili makabidhiano yawe laini. Kwenye karatasi klasi B inafika ufanisi wa asilimia 78.5, klasi A ya kusukuma na kuvuta (transista moja inasukuma, nyingine inavuta) haipiti 50, na AB iko karibu na B.

Klasi A ina wapenzi wake na nawaelewa. John Linsley Hood alichapisha kwenye jarida la Wireless World mwaka 1969 amplifaya ya wati 10 yenye transista nne tu kwa chaneli, na mpaka leo watu wanaijenga. Ni saketi unayoweza kuielewa nzima kichwani, kila rezista unajua iko pale kwa nini. Ila inakunywa zaidi ya ampea 1 muda wote, karibu wati 30 za joto kwa chaneli kabla hata hujacheza wimbo, kwahiyo hitisinki zake ni kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye boksi. Nzuri sana, lakini iwe ya pili au ya tatu.

Ukitaka AB ya transista tupu bila chipu, ugumu mkubwa uko kwenye ule umeme wa mapumziko. Transista ikipata joto, volti inayohitaji kufunguka inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, kwahiyo inafunguka zaidi, inapata joto zaidi, inafunguka zaidi tena, na usipoizuia inajiunguza. Dawa ni transista ndogo inayopima joto, inafungwa kwenye hitisinki ileile, inashusha volti kadiri joto linavyopanda. Wanaoisahau au wanaoiacha inaning'inia hewani wanaunguza transista za bei. Na hapo niseme kuhusu transista feki: namba kama 2SC5200 na 2SA1943 zimeigwa sana, nje zimeandikwa vizuri tu lakini ndani kuna kipande kidogo cha silikoni kisichobeba nusu ya kinachotakiwa. Nunua kwa wasambazaji wanaotambuliwa na kiwanda chenyewe, hata kama ni ghali.

Klasi D inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa, transista zinawaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, muda wa kuwaka ndo unaobeba umbo la muziki, alafu koili na kapasita mwishoni zinachuja hayo mapigo ubaki na muziki. Kwa kuwa transista iko ama wazi kabisa ama imefungwa kabisa, joto ni dogo sana. Chipu kama TPA3116 inatoa wati 50 mara mbili kwa omu 4 kutoka kwenye adapta ya volti 21, na sauti yake ni ya kweli, wale wanaosema klasi D haiwezi kuwa hi-fi wamechelewa. Tatizo ni kwamba kwa kasi hiyo kila sentimita ya njia kwenye bodi ina maana, sio kitu cha kuchomelea kwenye bodi ya matundu. Utanunua bodi iliyokamilika na kuiwekea boksi, mradi mzuri lakini unajifunza kidogo. Na tahadhari moja, spika hapo zimefungwa kati ya ncha mbili ambazo zote ni hai, hakuna ncha ya spika ambayo ni graundi, ukiunganisha mainasi ya spika na boksi, au mainasi za spika mbili pamoja, unaweza kuua chipu.

Kwahiyo kwa anayeanza mi naegemea chipu ya klasi AB kama LM3886, au LM1875 kwa anayetaka ndogo ya wati 20. Umeme wa mapumziko umeshapangwa ndani, kinga dhidi ya shoti na joto zipo ndani, na upotoshaji wa LM3886 ni kama asilimia 0.03 kwa wati 30 kwenye omu 8, wakati spika yenyewe inapotosha zaidi ya hapo kila siku. Inakuachia ujifunze yale mambo magumu yaliyobaki, ambayo ni ya nje ya chipu.

Graundi

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapoamua kila kitu.

Kapasita za pawa saplai hazijazwi taratibu. Daiodi zinafunguka kwa muda mfupi tu kwenye kilele cha wimbi la transfoma, mara 100 kwa sekunde ambako umeme ni wa Hz 50, mara 120 ambako ni 60, na kwa muda huo mfupi zinasukuma mapigo makali, ampea 10 au zaidi muziki ukiwa mkubwa. Katikati ya mapigo kapasita ndo inayolisha spika peke yake. Ukiwa na mikrofaradi 10,000 na unavuta ampea 2, volti zinashuka kama 2 kati ya pigo na pigo. Chipu inavumilia huo mtikisiko vizuri tu. Watu wanaona mngurumo wanadhani kapasita ni ndogo, wanaongeza mara nne, mngurumo unabaki palepale au unazidi, kwa sababu kapasita kubwa zinafanya mapigo yawe membamba na makali zaidi na tatizo halikuwa kwenye mtikisiko wa volti toka mwanzo.

Tatizo ni kwamba waya una omu. Kipande cha waya chenye mili-omu 5 unakiona ni sifuri, mita yako ya kawaida haiwezi hata kukipima. Ampea 10 zikipita hapo zinaacha milivolti 50 kati ya ncha na ncha. Sasa tuseme graundi ya ingizo la muziki umeichukua kutoka kwenye waya huohuo. Chipu haijui graundi ni nini, inakuza tofauti kati ya signali na kile ulichoiambia ndo sifuri, na sifuri yako inaruka milivolti 50 mara 100 kwa sekunde. Mara 21, ni volti 1 nzima ya mlio kwenye spika. Saketi ni sahihi, kila rezista iko mahali pake, mchoro unaonyesha graundi ni graundi, na amplifaya haisikilizwi.

Ukishaelewa hilo, sheria ni moja: umeme mkubwa usirudi kwa njia ambayo umeme mdogo unaitumia kama kipimo. Kwa vitendo ni hivi. Waya wa katikati wa transfoma unakuja moja kwa moja pale kapasita mbili zinapokutana, mapigo yazunguke hapo hapo yaishe. Kutoka hapo unatoa waya mmoja mfupi na mnene kwenda sehemu nyingine, hata sentimita chache tu, na hiyo ndo sifuri yako halisi, nyota. Kwenye nyota zinakuja spika za chaneli zote, graundi za nguvu za bodi, na graundi ya signali kwa waya wake yenyewe. Usichukue graundi ya signali katikati ya zile kapasita hata kama panaonekana ni karibu. Hata fidbaki, yani ile rezista inayorudisha kipande cha sauti iliyotoka ili chipu ijisahihishe, wazo ambalo Harold Black wa Bell Labs alilipata mwaka 1927 na likageuza ukuzaji wote wa sauti, nayo inachukuliwa pale umeme unapotokea kwenda spika na mguu wake wa chini unakaa kwenye graundi ya signali, sio ya nguvu.

Waya za kwenda na kurudi zisokotwe pamoja, za plasi na mainasi na sifuri, za spika, za AC za transfoma. Zikikaa mbalimbali zinatengeneza duara na duara linashika sumaku ya transfoma. Transfoma yenyewe iweke mbali na ingizo, na ikiwa ni ya duara jaribu kuizungusha kidogo kabla ya kukaza, kuna pembe ambayo mngurumo unapungua.

Mlio wenyewe unakuambia umetoka wapi ukiusikiliza. Mngurumo laini wa chini kabisa, wa 50 au 60, mara nyingi ni sumaku ya transfoma au mzunguko wa graundi kati ya amplifaya na kifaa kingine. Mlio mkali wenye meno, wa 100 au 120, ni yale mapigo ya kujaza kapasita yamepata njia. Funga ingizo la amplifaya kwa shoti: mlio ukinyamaza, shida inatoka nje au kwenye waya za ingizo, na ukiendelea, iko ndani kwenye mpango wako wa graundi. Kama mlio unapanda na volyumu umeingilia kabla ya potenshometa.

Na hapa sina utani hata kidogo: usikate waya wa ethi wa umeme wa ukutani ili kuondoa mngurumo. Kuna watu wanashauri hivyo na kweli mara nyingine mngurumo unaisha, ila waya wa umeme mkubwa ukichomoka ndani ukagusa boksi, boksi zima linakuwa hai na anayeligusa ndo anakuwa njia ya kurudi. Ethi inafungwa kwenye chuma cha boksi kwa skrubu yake yenyewe, imekwanguliwa rangi, haifungi kitu kingine. Ukitaka kukata mzunguko wa graundi, weka rezista ya omu 10 kati ya nyota na boksi, na daiodi kubwa mbili sambamba nayo zikiangalia pande tofauti, ili hitilafu ikitokea umeme upite wote mpaka fyuzi ikatike.

Joto, na chipu inayotetema

Joto la klasi AB halihitaji kubahatisha. Chukua volti zote kuanzia mainasi mpaka plasi, zidisha zenyewe kwa zenyewe, gawa kwa omu za spika mara 19.7. Kwa plasi na mainasi 35 na omu 8: 70 mara 70 ni 4,900, gawa kwa 158, unapata wati 31 za joto kwa chipu moja pale inapoteseka zaidi. Kwa omu 4 ni 62, ndo maana nilisema volti zishuke. Ndani ya chipu joto halitakiwi kupita nyuzi 150. Boksi likiwa na nyuzi 40 una nafasi ya 110, gawa kwa 31 unapata 3.5 kwa wati, toa 1 ya chipu yenyewe na nusu ya maika (karatasi ngumu ya kuzuia umeme) na pesti ya kupitisha joto, hitisinki iwe ya nyuzi 2 kwa wati au pungufu. Mi ningechukua ya 1.5 au chini ya hapo, na kama chipu mbili zinakaa kwenye kipande kimoja gawa kwa mbili.

Bati la nyuma la LM3886T limeunganishwa na laini ya mainasi, kwahiyo lazima kuwe na maika au pedi kati yake na hitisinki pamoja na kishikizo cha plastiki kwenye skrubu. Kabla ya kuwasha pima kwa mita kati ya bati na hitisinki, kusiwe na mawasiliano kabisa. Ile ya LM3886TF imefunikwa plastiki, haihitaji maika.

Chipu ikipata joto kali bila muziki wowote na graundi ziko sawa, inawezekana inatetema kwa kasi usiyoweza kuisikia. Karibu kila mara ni kapasita za mikrofaradi 0.1 zilizotakiwa kuwa kwenye pini za umeme kabisa zimewekwa sentimita kumi mbali. Zichomelee kwenye pini zenyewe. Rezista na kapasita za kutuliza mwishoni, na ile koili ndogo sambamba na rezista ya omu 10 ambayo datashiti inapendekeza, usizione ni mapambo, zinamkinga chipu na waya mrefu wa spika.

Kitu kingine, pini ya 8. Ni ya kunyamazisha, na ukiiacha bila kitu amplifaya haitoi sauti kabisa, watu wanabadilisha chipu nzima kumbe nzima. Inatakiwa ivutwe angalau miliampea 0.5 kuelekea mainasi, rezista ya kilo-omu 33 kwa volti 35 inatosha vizuri. Na kapasita iliyo kwenye mguu wa rezista ya fidbaki, ile ya kilo-omu 1, ndo inafanya chipu isikuze DC. Ikiwa ni mikrofaradi 10 inaanza kupunguza besi karibu na Hz 16, weka 22 inashuka kwenye 7, na 47 ni bora zaidi.

Kuwasha mara ya kwanza

Transfoma ya duara inashikwa na bolti katikati. Bolti hiyo isiguse boksi juu na chini kwa pamoja, kwa mfano mfuniko wa chuma ukigusa kichwa chake, maana unakuwa umetengeneza mzunguko mmoja wa waya uliofungwa shoti na transfoma inaungua. Fyuzi ya aina ya kuchelewa iwe kwenye laini ya hai kabla ya transfoma. Kila kapasita kubwa iwe na rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 1 ikiimwaga, kwa sababu umeme uliobaki ndani yake baada ya kuzima unatosha kurusha cheche kubwa na kuyeyusha ncha ya bisibisi. Fanya kazi na mkono mmoja pale umeme uko hai, na kama hujawahi kugusa umeme wa ukutani mtafute anayeujua akae nawe siku hiyo.

Tengeneza waya wa kujaribia wenye balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 mpaka 100, mfululizo na laini ya hai. Balbu ya LED haifai. Anza na pawa saplai peke yake bila bodi. Balbu itawaka sekunde moja kapasita zikijaa alafu ififie. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti mahali, na kwa kuwa balbu imebeba mzigo hakuna kilichoungua. Pima plasi na mainasi zilingane. Zima, subiri kapasita ziishe, pima tena kuhakikisha, alafu unganisha bodi ya chaneli moja, ingizo likiwa shoti, bila spika. Balbu iwake na kufifia vilevile.

Sasa weka mita kwenye milivolti za DC, moja kwenye pato la spika na nyingine kwenye sifuri. Chini ya milivolti 50 ni safi. Ukiona volti nzima au zaidi usiunganishe spika hata kwa kujaribu, rudi kwenye bodi, angalia rezista ya fidbaki na kapasita yake. Chipu ikifa vibaya inaweza kupeleka volti 35 za DC kwenye spika, na 35 mara 35 gawa kwa 8 ni zaidi ya wati 150 mfululizo kwenye koili iliyosimama palepale, inaungua ndani ya sekunde chache. Ndo sababu bodi ndogo ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayokata spika ikiona DC ni kitu cha kununua mapema.

Pato likiwa safi toa balbu, pima tena, maana kwa volti kamili mambo yanaweza kubadilika kidogo. Chomeka spika ya zamani usiyoionea huruma, ingizo bado likiwa shoti, weka sikio karibu na koni. Usisikie mlio wowote zaidi ya mvumo mdogo sana wa hewa. Fungua ingizo, weka muziki kwa sauti ndogo, uache ucheze saa nzima huku unagusa hitisinki mara kwa mara, iwe ya moto ila uweze kuishikilia. Pima DC kwa mara ya mwisho ikiwa ya moto. Ikiwa bado chini ya 50, rudia yote kwa chaneli ya pili kuanzia kwenye balbu, alafu ndo ufunge zile spika zako nzuri.